Ubao wa Kaburi la Bishar

Nitawaeleza, lakini msinikatize, na anayetaka kucheka acheke kimoyomoyo, kwa sababu aibu hii nimeibeba tangu vita vya shifta na mpaka leo mtu akiuliza tu "ilikuwa mwaka gani?" masikio yangu yanawaka moto. Mke wangu anaijua nusu. Nusu nyingine sijamwambia, si kwamba ni siri (mji mzima wa Garissa uliiona mchana kweupe) ila kila nikianza kusimulia nafika mahali pa randa, nanyamaza, najifanya nimekumbuka kazi. Leo nitapita hapo hata kwa kutambaa.

Mimi ni seremala, Mkamba wa Mwingi, jina langu Musyoka. Serikali ilinipeleka Garissa nikiwa kijana mwenye kiburi cha mikono, maana kazi nilifundishwa misheni na mzungu mmoja tuliyemwita Bruda, na mtu aliyefundishwa na Bruda alijiona si fundi wa kawaida bali mdogo wake Yusufu mume wa Mariamu. Huyo Bruda alikuwa na ada yake. Kila kitu kilichotoka kwenye karakana, kiwe benchi la kanisa au kibao cha kukatia nyama, lazima akichome kwa chuma cha moto maneno haya: MWAKA WA BWANA WETU, kisha namba. "Dunia ina pande mbili, Musyoka," alikuwa akiniambia, "kabla ya Kristo na baada ya Kristo, na kila kitu kijue kimezaliwa upande gani." Tulipoagana alinipa kipande cha bati alichokitoboa herufi hizo, unakiweka juu ya mbao unapitisha chuma kwenye matundu, maneno yanatoka yamenyooka hata kama umelewa.

Nilikwenda nacho Garissa kama vile wengine wanavyokwenda na picha ya mama. Nikakitumia kila mahali. Makabati ya ofisi, viti vya kantini ya polisi, meza ya karani, hata (na hapa mtaanza kunielewa mimi ni mtu wa namna gani) mlango wa choo cha boma, ambao niliuchoma maneno hayo juu kabisa, kwa mkono wa kujivunia, na mpaka leo sijui kichwani mwangu mlikuwa na nini.

Aliyenicheka kwa hilo alikuwa konstebo mmoja, Bishar, Msomali wa hapohapo Garissa. Mchana akingojea zamu alikuja karakanani kwangu kutafuta kivuli na chai, akakaa juu ya rundo la mbao, bunduki katikati ya magoti, akanifundisha kusalimia kwa Kisomali na mimi nikamfundisha kuvumilia chai isiyo na maziwa ya ngamia. Siku moja alikichukua kile kibati akakitazamia kwenye mwanga wa mlango.

"Fundi," akasema, "mwaka yako wewe anaanza kwa Nabii Issa. Maalim Yusuf bale msikitini, yake anaanza Mtume akihama Maka. Sasa mwaka ya babangu, unajua anaanza wabi?"

"Wapi?"

"Haanzi. Anaitwa jina."

Akanieleza kwamba wafugaji wa kwao hawaupi mwaka namba, wanauita kwa jambo lililotokea ndani yake, kuna mwaka wa nzige, kuna mwaka wa mto kufurika, na yeye mwenyewe alizaliwa mwaka ambao ngamia walikohoa, ndio maana (alisema) sauti yake ni nzito. Nikamwambia hiyo si hesabu, mtu atajuaje mwaka huu unaitwaje kabla haujaisha? Akacheka. "Mwaka akifanya kitu kubwa, watu wataita tu. Namba ni ya mbuzi ya mtu mwingine. Kitu yako unaita na jina."

Sasa mnielewe vizuri hali yake, maana bila hiyo hamtaona nilichoharibu. Tangu hali ya hatari itangazwe kwa ajili ya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya, Msomali aliyevaa sare ya serikali alikuwa analiwa pande zote mbili. Wakubwa wake, watu wa bara kama mimi, walimwona kama shifta aliyesinzia, wakimtuma mbele kwenye kila barabara yenye wasiwasi. Na mjini kwao watu walisema amekuwa gaal, yaani kafiri, kwamba amebatizwa kwenye kantini, amekula nguruwe, amepewa jina la Petero. Uongo mtupu. Mimi nilimwona kwa macho yangu akisali sakafuni kwangu, akiondoa maranda kwa kiganja kabla ya kuweka paji la uso, na mimi nikisimamisha msumeno mpaka amalize.

Basi wakamtuma mbele tena, kusindikiza msafara wa malori kuelekea Habaswein, akapigwa risasi njiani. Walimleta siku hiyohiyo, wakamzika siku hiyohiyo kama dini yao inavyotaka, lakini waliokuja walikuwa wachache hata jeneza lilibebwa na askari wenzake pamoja na baba yake, Mzee Dahir, mtu mrefu mkavu aliyekuwa mfugaji wa ngamia mpaka vita vikamleta mjini. Wazee wa msikitini walikaa majumbani kwao. Hawakutukana, hawakusema kitu, walikaa tu, na mimi nawaambia hakuna tusi linalozidi hilo.

Mzee Dahir hakulia mbele ya watu. Alianza kutembea. Alipita kwa mzee huyu, akapita kwa yule, akala yamini kwamba mwanawe amekufa Mwislamu, na wengi walimsikiliza, na aliyekuwa mgumu kuliko wote, Mzee Hirsi, mwishowe naye akalegea. Wakakubaliana hivi: Inspekta wa pale alikuwa ameamua kuweka ubao wa kumbukumbu kaburini, na mkubwa mmoja angekuja kutoka Nairobi kupiga saluti, basi siku hiyo wazee nao watakuja, Maalim Yusuf atasoma dua, wao wataitikia amin mbele ya kila mtu, na neno la gaal litaishia hapo. Hilo tu. Yule mzee hakutaka fidia wala saluti wala bendera, alitaka wazee wenzake waseme amin juu ya kaburi la mwanawe.

Kutengeneza ubao nilipewa mimi, nani mwingine. Inspekta aliniambia, "Jina, namba ya kazi, mwaka. Basi." Nilikuwa na ubao mmoja tu wa maana, wa mwerezi, uliofika na msafara, umekusudiwa kuwa rafu ya mtu, nikasema rafu itangoja. Jina na namba ya kazi nilivichoma kwa mkono, kwa kuwa sikuwa na bati la BISHAR, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka (nililia, sioni haya kusema), chuma kikawa kinapoa, kwa hiyo herufi zikatoka nzuri lakini za juujuu. Kisha nikaujaribu mwaka kwenye kipande cha mbao kando. 1965. Nikarudi nyuma hatua chache nikautazama, nikauona umekaa kama namba ya lori.

Hapo ndipo palipo na kosa lote, katika ule muda wa kutazama tu. Nikajiambia, huyu ni rafiki yangu, haendi kaburini na namba ya lori. Na ukutani, kwenye msumari, kilikuwa kinaning'inia kile kibati. Jamani, sikumfikiria Yesu hata kidogo. Nilifikiria kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na nilikuwa nacho kimoja. Nikapuliza makaa mpaka chuma kikawa chekundu, nikabandika bati, nikachoma MWAKA WA BWANA WETU 1965, na kwa kuwa bati linashikilia chuma kisiteleze, herufi zikazama ndani kama kidole kwenye ugali.

Inspekta alipita jioni akasoma. "Safi kabisa," akasema, "kama za kule nyumbani." Akaenda zake.

Baada yake akaja Mzee Dahir. Hakuwa anajua kusoma herufi zetu. Alichuchumaa mbele ya ubao, akauliza kwa kidole, "Hii?"

"Hilo ni Bishar, Mzee. Na hapo ni Dahir, jina lako."

Akapitisha kidole juu ya jina la mwanawe, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepapasa mguu wa mnyama kutafuta mwiba. Kisha akashuka chini. "Na hii ya hapa chini, mrefu?"

"Huo ni mwaka, Mzee."

"Fizuri," akasema. "Kazi yako ni fizuri." Akanipa mkono. Huo mkono nausikia mpaka leo.

Siku yenyewe jua lilikuwa limeamka na hasira. Askari wamepanga mstari, wazee wamekuja (wamekuja, jamani, wote, Mzee Hirsi mbele na fimbo yake), Maalim Yusuf amevaa kanzu iliyofuliwa, na Mzee Dahir amesimama kichwani mwa kaburi, amenyooka, kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anatazama watu usoni. Ubao ulikuwa umefunikwa bendera. Mkubwa wa Nairobi, mtu mnene, sare imelowa makwapani, alihutubu juu ya umoja mpaka midomo ikatukauka sisi tunaosikiliza, kisha akavuta bendera na, badala ya kupiga saluti anyamaze, akaamua kusoma kwa sauti. Jina. Namba. Na akaendelea kusoma.

Mkalimani wa korti alikuwa pembeni yake, anageuza kila kitu kwa Kisomali kama alivyolipwa. Alipofika kwenye mwaka nilimwona anasita, akamtazama Mkubwa, akageuza hivyohivyo.

Hakukuwa na kelele. Ningeshukuru kama kungekuwa na kelele. Mzee Hirsi aliuliza kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Huyu Bwana yenu mwenye mwaka, ni nani?"

"Yesu Kristo," Mkubwa akajibu, kwa fahari kabisa, kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua.

Mzee Hirsi akamgeukia baba wa marehemu. "Dahir, umetuita tuone. Tumeona."

 Mzee Dahir alinitafuta mimi katika watu mpaka akanipata. "Fundi. Ulinambia hii ni mwaka."

"Ni mwaka, Mzee."

"Ya nani?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasonga mbele, kofia mkononi, nikaanza kueleza, na mnajua nilivyo nikianza kueleza. Nikasema wazee wangu, marehemu hakuhusika, haya maneno ni mazoea yangu mimi tu, hayana uzito wowote, naandika kwenye kila kitu, nimeandika kwenye viti vya kantini, nimeandika hata kwenye mlango wa choo cha boma, nendeni mkaone. Niliona nimeokoa jahazi. Mkalimani akageuza, na mahali pa choo akapageuza vizuri zaidi kuliko pengine pote.

Mkubwa wa Nairobi akanigeukia taratibu. "Jina la Bwana umeandika wapi?"

Kwa hiyo ndani ya pumzi moja nilikuwa nimewakosea Waislamu na Wakristo, jambo ambalo Garissa nzima vitani ilikuwa imeshindwa kulifanya kwa pamoja. Nikamtazama Inspekta anitetee, yule aliyesema safi kabisa. Akatazama viatu vyake. "Huyu fundi, afande," akasema, "mimi nilimwambia jina na namba na mwaka tu. Hayo mengine ameyatoa kichwani mwake." Na kweli alikuwa ameniambia hivyo, mshenzi yule, hakuongopa hata neno.

Aliyejaribu kututoa shimoni alikuwa Maalim Yusuf. Aliwasihi wazee wakae, akasema mtu amekosea, mtu atatengeneza, subira ni sehemu ya imani. Wakakaa, nusu kivulini nusu juani. Nami nikakimbia karakanani (nilikimbia, na mkanda wa vifaa unanipiga matako, watoto wananifuata nyuma kama natembeza dubu) nikarudi na randa.

Hapa ndipo hufika nikanyamaza. Haya. Niliung'oa ubao, nikaulaza juu ya magoti yangu, nikaanza kupiga randa. Sasa ubao unarandwa kufuata nyuzi zake, toka juu mpaka chini, huwezi kuranda mstari mmoja ukaacha mwingine, hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua na mimi nilikuwa nalijua. Lakini nilikuwa na haraka na jasho linaniingia machoni na watu wote wale wananitazama. Nikapiga mara moja, mbili, tatu. Na yale maneno ya bati, yaliyozama, hayakutikisika. Kilichoanza kupotea ni zile herufi za juujuu nilizozichoma kwa mkono. B ikaondoka. Nikaongeza nguvu, nikisema moyoni nitaliandika upya. Ikaondoka SHA. Maranda yalikuwa yanatoka marefu, mazuri, yanaviringika na kuangukia juu ya kaburi, na ndani ya kila moja kipande cha jina lake. Niliposimama kupumua, ubao ulikuwa mweupe juu kote, na chini kumesimama, meusi tii, MWAKA WA BWANA WETU 1965.

Mzee Dahir alisema kwa sauti ndogo tu. "Umetoa mtoto yangu. Umebakisha mwaka yako."

 Nilitaka ardhi inimeze, na mahali nilipokuwa nimekaa ilikuwa imemeza mtu mwema tayari.

Maalim akaja akauchukua ubao mikononi mwangu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaugeuza upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu. Akaomba mkaa, tukampa, akaandika kwa Kiarabu, mwandiko mzuri mtulivu: Bishar bin Dahir, na chini yake mwaka elfu moja mia tatu themanini na tano wa Hijria. Wazee wakasogea. Mzee Hirsi akainama akasoma mpaka mwisho, akarudia, kisha akatikisa kichwa kukubali na kuweka fimbo yake chini. Wakaanza kupanga mstari. Niliona viganja vinainuka, wallahi niliviona (nasema wallahi na mimi ni Mkristo, lakini siku ile nilikuwa na haki), na Mzee Dahir akafumba macho akingojea lile neno moja alilolitembelea mlango kwa mlango.

"Hayo ni maandishi gani?" akauliza Mkubwa.

"Ni jina la marehemu na mwaka, afande," akasema mkalimani.

"Mwaka ni sitini na tano. Hapo pameandikwa ngapi?"

Mkalimani akamwambia. Mkubwa akakunja uso. Siku zile karatasi yenye herufi za Kiarabu ikipatikana mfukoni mwa mtu njiani, mtu huyo alikuwa amekwisha, hata kama ni dawa ya kichwa aliyoandikiwa na shehe. Na sasa haya hapa, kwenye kaburi la serikali, chini ya bendera, mbele ya bunduki.

"Kenya ina mwaka mmoja tu," akasema. Akauchukua ule ubao akauvunja juu ya goti. Ulivunjika bila shida, kwa sababu nilikuwa nimeshauranda ukawa mwembamba. Kisha akaonyesha kidole, na askari wawili wakamshika Maalim Yusuf mikono, mkaa bado uko vidoleni mwake, wakampandisha kwenye Landrova. Yule mtu aliniangalia alipopita. Wala hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. Walimrudisha baada ya siku kadhaa, anatembea akishika kuta.

Viganja vilishuka. Wazee waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, wakikunja kanzu zisishike miiba, na Mzee Hirsi akaokota fimbo yake akaenda wa mwisho. Sijui kama bado alidhani marehemu ni gaal au alikuwa anaogopa Landrova. Nafikiri yeye mwenyewe hakujua. Askari nao wakapakiwa, Inspekta akaniambia nisitie mguu ofisini kwake, na mlango wa choo upakwe rangi.

Nikabaki mimi na Mzee Dahir.  Aliokota maranda juu ya kaburi, moja moja, akayatia kwenye ncha ya shuka yake. Kisha akaenda akakata matawi ya miiba, akayapanga kuzunguka kaburi kama wanavyofanya porini ili fisi wasifike, na nilipoinama kumsaidia hakunizuia, wala hakunitazama. Alipomaliza akainua viganja vyake peke yake akasoma Fatiha. Sikujua maneno. Nilisimama nimeshika kofia, na alipofika mwisho akanyamaza, pakawa na ule ukimya ambao watu hujibu, na mimi kwa mazoea ya kanisani mdomo wangu ukasema, "Amina."

Akageuka akanitazama. Mtu pekee aliyeitikia juu ya kaburi la Bishar siku ile alikuwa gaal. "Haya," akasema. "Nenda, fundi."

Mngedhani yamekwisha. Miaka ikapita, vita vikaisha, mimi nikaoa, nikawa na karakana yangu. Siku moja kazi ikanipeleka Habaswein kutengeneza milango ya hoteli, nikakaa kwenye benchi kunywa chai (sasa naipenda yenye maziwa ya ngamia). Kando yangu palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo amekuja na binti yake, na mwenye hoteli akamuuliza binti ana umri gani.

"Huyu?" akasema yule baba. "Huyu amezaliwa mwaka ya ubao."

Mwenye hoteli akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa tarehe kamili. Mimi chai ikanipalia. Nikauliza, ubao gani?

"Wewe hujui? Ilikuwa Garissa. Fundi mmoja mjinga wa bara aliandika kwa kaburi ya mtu mambo ya kanisa, halafu akafuta jina ya mtu akabakisha ya kanisa." Wakacheka wote, na alikuwa anasimulia vizuri, kanipa hata ndevu ambazo sikuwa nazo. "Watu wote huku, wanaita hivyo."

"Na kaburi lilikuwa la nani?"

Akafikiria. "Ya askari moja. Jina sijui."

"Bishar," nikasema. "Bishar Dahir. Alizaliwa mwaka ambao ngamia walikohoa."

"Haya," akasema kwa adabu, akasubiri kidogo aone kama nina la zaidi, kisha akaendelea na habari za ubao.

Kwa hiyo nimetengeneza vitanda, madawati, milango na majeneza, vingi vimeliwa na mchwa, na kazi yangu moja iliyodumu kule ni mwaka, na rafiki yangu hayumo ndani yake. Kile kibati nilikitupa mtoni Tana nikiwa narudi. Tangu siku hiyo siandiki mwaka kwenye kitu chochote, uwe wa Bwana, uwe wa Hijria, uwe wa serikali, hata kaburi la baba yangu mwenyewe halina. Ukiniletea kabati nitakuwekea jina lako tu, kwa chuma chekundu na kwa mkono usiotetemeka, na nitalizamisha mpaka randa ya mtu yeyote ishindwe. Mwaka utafute fundi mwingine.